Herufi Zilizopelekwa kwa Baiskeli

Kama uliwahi kununua nyama, kunyolewa au kushonewa suruali mjini Thika kabla ya mwaka wa elfu mbili, basi umeusoma mkono wa Abdulkarim, ujue usijue. Yeye ndiye aliyeandika mabuchari, vinyozi, mafundi cherehani, duka la dawa la karibu na stendi, na ule ukuta mrefu wa Majengo unaokataza watu kukojoa hapo. Watu waliendelea kukojoa, lakini walikubali kwamba maandishi ni mazuri.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau alikasirikia nini. Mashati yake yote yalikuwa na doa la rangi kwenye bega la kushoto, mahali alipozoea kupangusia brashi. Mkewe Tausi alipigana na madoa hayo kwa sabuni ya kipande, kwa mafuta taa na kwa maneno, mpaka mtoto wao Muna alipozaliwa. Baada ya hapo akaona kuna kazi nyingine duniani.

Waandishi wengine wa mabango walikata herufi kwenye karatasi ngumu, wakaiweka ukutani na kupaka rangi juu yake. Abdulkarim aliwaita watu hao wapishi wa chapati, maana kila kitu chao kilitoka duara moja. Yeye aliandika kwa mkono mtupu, kamba moja ya chaki kunyoosha mstari, basi. Kila herufi yake ilikuwa na kitambi kidogo na mkia uliorushwa pembeni, na mtu aliyetoka Thika akikutana na mkono ule Murang'a au Makuyu alisimama akasema, ala, huyu bwana alifika mpaka huku.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Ruiru, kwenye shamba la maua la Kimeu. Kimeu alikuwa Mkamba mpole, mnene, mwenye pupa ya kila kitu kipya. Abdulkarim alikuwa amemwandikia KIMEU ROSES getini na ubavuni mwa malori matatu, herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu. Ijumaa akitoka msikitini alitembea mpaka barabara kuu, akasimama hapo na kanzu yake, akangoja lori lipite likienda uwanja wa ndege. Likipita alirudi nyumbani kula. Tausi alijua kwamba bila lori chakula hakishuki.

Basi mwaka wa tisini na nane Kimeu akaenda semina kwenye hoteli moja Nairobi, akarudi na sheria.

"Fundi," alisema, "mteja lazima aone herufi moja kila mahali. Getini, kwenye lori, kwenye katoni, na kwenye internet."

"Internet ni ukuta gani?" Abdulkarim akauliza.

"Ni ukuta ambao mtu wa Uholanzi anauona akiwa kwake."

Abdulkarim akafikiria ukuta wa namna hiyo ungehitaji ngazi gani. Kimeu akaendelea kwa ile sauti yake ya upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Alikuwa anatengenezewa websaiti. Mnunuzi wake mkubwa wa Uholanzi angeifungua tarehe thelathini Novemba, kisha wangeongea kwa simu. Kama herufi za Abdulkarim zingeonekana huko, zingebaki kwenye malori na getini. Kama hazingeonekana, basi herufi za kompyuta zitawekwa kila mahali, na malori yatabandikwa stika. "Sina ubaya na wewe," Kimeu alisema. "Ni ile tu kwamba lazima ziwe moja."

Aliyekuwa anatengeneza websaiti ni Ciku, msichana aliyemaliza masomo ya kompyuta chuoni Juja na kukodi chumba juu ya duka la hadiwea hapa Thika. Chumba kilikuwa na kompyuta moja, simu moja, na feni iliyopuliza upande wa kompyuta tu. Abdulkarim alipanda ngazi akiwa tayari kumchukia. Akamkuta anakula githeri kwenye kikopo na ana picha ya lori la Kimeu ukutani.

"Hii K, mzee," Ciku akasema akiionyesha kwa kijiko. "Aki mimi naipenda sana."

Hapo chuki ikapata shida. Ciku akamweleza kwamba anaweza kuzichukua herufi zake kama zilivyo, azipige picha kwenye mashine ya pale chuoni, azichonge ndani ya kompyuta moja moja mpaka ziwe fonti, yaani seti kamili ambayo mtu akichapa kibodi zinatoka zenyewe. Ila alizihitaji zote, kubwa na ndogo, A mpaka Z, namba, na alama.

Mtu anaweza kuandika mji mzima kwa miaka ishirini na sita na asijue kwamba hana herufi zote. Q aliwahi kuiandika mara moja tu, kwa bucha lililojiita Quality, na alipokwenda kuitazama tena alikuta bucha limekuwa kanisa. X hakuwa nayo kabisa. Alama ya kuuliza ilimtia kero, kwa sababu tangu aanze kazi hakuna duka lililowahi kuuliza mtu swali. Halafu Ciku akamwonyesha ile a iliyojikunja, ya anwani za barua pepe, na Abdulkarim akaipenda papo hapo kama mtoto wa mwisho. Aliiandika mara tano kwenye ubao wa plaiwudi, kila moja imenenepa kuliko iliyoitangulia, akamwachia Ciku achague.

Ciku alizichonga kwa wiki tatu. Siku herufi zilipokuwa tayari alichapa mbele yake: KIMEU ROSES, RUIRU, KENYA. Herufi zikatoka zenyewe, na vitambi vyao na mikia yao, bila brashi wala tapentaini. Fonti yenyewe Ciku aliiita Abdulkarim. Mzee mzima akavua kofia, akaivaa tena, akasema anataka maji. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka.

Siku ya pili wakaenda Ruiru, ofisini kwa Kimeu. Kimeu akapiga mtandao, simu ikalia na kukoroma, ukurasa ukafunguka. Maua yalikuwepo. Jina lilikuwepo. Lakini lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyembamba zile za gazeti, zenye vijiguu, ambazo Abdulkarim hakuziandika na Ciku hakuziweka.

"Zako ziko wapi, fundi?" Kimeu akauliza.

Abdulkarim akamgeukia Ciku kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta kondoo. Ciku akajishika kichwa. Kwenye kompyuta yake zilikuwepo, na sasa alijua kwa nini zilikuwepo kule peke yake. Akajaribu kueleza.

"Ukurasa haubebi herufi, mzee. Unabeba jina la herufi tu. Ukifika kwa kompyuta ya mtu unasema, nivalishe Abdulkarim. Kompyuta inaangalia kwa kabati yake. Ikikosa, inauvalisha ile nguo iko."

"Kwa hivyo mgeni anafika uchi?"

"Anafika na jina la nguo."

Abdulkarim akasema huo ni upumbavu, na ukweli ni kwamba ulikuwa. Ciku akajaribu dawa aliyoifahamu, akaweka jina kama picha badala ya maandishi. Picha ingesafiri nzima. Wakakaa wakaitazama ikiteremka kwenye skrini, kamstari kamoja, kisha kengine. Kimeu alikunywa chai. Ilipofika kiunoni mwa herufi aliongezewa kikombe cha pili. Ukurasa wote ulikuwa na majina ya maua kumi na manane, kila moja lingekuwa picha yake. Kimeu akasema kwa upole kwamba mnunuzi wa maua hatangoja namna hiyo, maana hata maua yenyewe hayangoji.

Wakarudi Thika. Walipofika ngazi za hadiwea, Abdulkarim akauliza, "Ziko ngapi?"

"Nini?"

"Hizo kompyuta zenye internet. Hapa na Ruiru."

Ciku akahesabu kwa vidole, akaongeza ya daktari mmoja wa meno. "Kumi na moja, nadhani."

"Mimi nimeandika maduka mia nne," Abdulkarim akasema.

Mtu mwingine angesikia maelezo ya Ciku akaona mlango umefungwa. Abdulkarim aliyasikia kama mwandishi wa mabango. Katika maisha yake yote hakuna ukuta hata mmoja uliowahi kumfuata nyumbani Majengo. Kila mara ni yeye aliyeufuata, na ngazi begani. Kama kompyuta hazina herufi zake, si zipelekewe? Ciku alianza kumwambia kwamba internet haifanyi kazi hivyo, halafu akamwangalia usoni, akafungua droo na kutoa disketi.

Aliiweka fonti humo, akamwandikia hatua saba kwenye karatasi. Abdulkarim alizikariri kama mtoto wa madrasa, akaifunga disketi kwenye kitambaa cha Tausi, akapanda baiskeli. Wiki mbili nzima Thika na Ruiru zilimwona akipita na shati lililopigwa pasi, anakwenda kuandika ndani ya kompyuta za watu.

Na alifanya kama alivyozoea kufanya kila kazi. Aliingia, akasalimia, akaomba ruhusa, akarudi hatua tatu nyuma akafumba jicho moja kuipima kompyuta. Kwa daktari wa meno aliuliza jua linaingilia dirisha gani, na daktari akamjibu. Barasa, mwenye chuo cha kompyuta, alikataa kata kata kwa kuogopa virusi, mpaka Abdulkarim alipojitolea kumwandikia upya bango lake la barabarani. Lilimchukua siku moja na nusu, na mle ndani kazi ya disketi ikamchukua dakika nne.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Ciku hakulijua, maana halikuwa kwenye zile hatua saba. Mwandishi wa mabango akimaliza kazi huweka sahihi yake chini kulia, ndogo, na sanduku lake la posta, ili anayeipenda ajue amtafute wapi. Kazi isiyo na sahihi Abdulkarim aliiona kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kwa hiyo kila alipomaliza alitoa kibrashi chembamba mfukoni akaandika ubavuni mwa kompyuta, chini kulia, kwa rangi nyeupe ya mafuta: ABDULKARIM, THIKA.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Nekoye, karani wa wakili mmoja pale mjini. Alimpigia Ciku simu na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka darini. Sahihi aliivumilia. Ila huyo mzee, kila kompyuta ilipomuuliza jambo, alikuwa amejibu ndiyo, kwa heshima, na sasa kila alichochapa Nekoye kilitoka kwa herufi zenye vitambi. Alikuwa ameshatuma barua kali kwa mtu wa Ngoliba ambaye ng'ombe wake walikuwa wanaingia kwenye mahindi ya jirani. Yule bwana alikuwa amefika ofisini asubuhi hiyo, amevaa suti, anauliza harusi ni ya nani.

Ciku alikwenda kurekebisha, akicheka njia nzima. Abdulkarim hakucheka. Aliuliza kama yule bwana wa Ngoliba aliisoma barua yote. Nekoye akakiri kwamba aliisoma yote, mara mbili, na kwamba ng'ombe wamefungwa. Abdulkarim akasema basi.

Kufikia katikati ya Novemba kompyuta zote kumi na moja zilikuwa zimevaa. Kimeu alifungua ukurasa ofisini kwake, akaiona KIMEU ROSES yake imenenepa na kurusha mkia, akapiga meza kwa furaha. Alipigia watu simu Thika wakaangalia. Wote waliiona. Abdulkarim alisimama nyuma yake na mikono kifuani, na kwa muda wa siku nzima aliamini ameshinda. Ni Ciku aliyeuliza, kwa sauti ndogo, wakiwa wanatoka ofisini: "Na Uholanzi je?"

Uholanzi haikuwa mbali kwa mtu aliyeshafika Makuyu. Kulikuwa na posta. Ciku akaandika barua kwa Kiingereza, Abdulkarim akiisema kwa Kiswahili: tafadhali bibi mnunuzi, kabla hujafungua ukurasa weka kwanza herufi hizi, hatua ni saba, na usijibu ndiyo kwa kila swali. Tausi, aliyekuwa akisema tangu mwanzo kwamba mume wake amepata wazimu, alikata kipande cha leso yake mpya akashona kifuko cha disketi, chenye kamba ya kuvuta, ili isikwaruzwe na posta. Abdulkarim akaipeleka kwa rejista. Siku kumi na mbili zilizobaki hakula vizuri, lori lipite lisipite.

Tarehe thelathini walikaa wote watatu ofisini Ruiru. Kimeu alibonyeza simu ili sauti itoke kwa wote, na Ciku akawa anamtafsiria Abdulkarim sikioni. Yule mama wa Uholanzi alikuwa mchangamfu. Alikuwa ameuona ukurasa. Picha nzuri, maua mazuri, bei angezijadili. Abdulkarim alikuwa anatazama mdomo wa Ciku tu.

"Na herufi?" Kimeu akauliza. "Umeonaje herufi?"

"Herufi?" yule mama akasema. "Zinasomeka."

"Zina vitambi? Zina mkia?"

Mama akasema hapana, ni herufi tu, kama za kila mahali. Kisha akakumbuka ule mzigo. Asante sana, ulifika salama. Disketi hakuiweka, ofisi yao hairuhusu kuweka kitu kilichotoka nje, ni sheria. Lakini kile kifuko cha kitambaa ni kizuri mno, na sasa anawekea miwani yake.

Ciku alitafsiri mpaka hapo, akashindwa kuendelea. Abdulkarim akanyanyuka, akampa Kimeu mkono, akampa Ciku mkono, akatoka. Alipita geti aliloliandika mwenyewe bila kuliangalia. Nyumbani alimweleza Tausi yote, na Tausi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Angalau mmoja wetu amefika Uholanzi," Tausi akasema.

Ilikuwa siku ya nne ndipo Abdulkarim alipocheka.

Stika zilikuja kutoka Nairobi kabla ya Krismasi, herufi za kompyuta nyeupe, nyoofu, na jamaa wa stika akayabandika malori yote matatu baada ya kukwangua rangi ya Abdulkarim. Shida ni kwamba malori ya maua huoshwa kila jioni kwa mpira wa maji yenye nguvu, na yule jamaa hakuwa ameuliza. Katika wiki mbili lori la kwanza lilikuwa likipita barabara kuu likijiita KIM ROSE, na watu wakafikiri Kimeu ameoa.

Kimeu alikuja Majengo mwenyewe, amevua kofia, na Ciku nyuma yake ameshika karatasi kubwa. Alitaka rangi. Rangi haing'oki. Lakini alitaka zile zile herufi za kompyuta, kwa sababu ndizo kila mtu anazo, na lazima ziwe moja. Ciku alikuwa amezichapa kubwa ili fundi aone.

"Mnataka nipake herufi za mtu mwingine mahali pa zangu," Abdulkarim akasema.

Kimeu akatazama viatu vyake, akasema ndiyo. Abdulkarim akawaambia wanywe chai yao waende. Tausi akangoja mpaka wameondoka.

"Baba Muna," akasema, "mtu atapaka. Akipaka mmoja wa wale wapishi wako wa chapati, utaona uchungu mara mbili kila Ijumaa. Mimi ndiye nitakayekula nawe."

Aliichukua ile karatasi kwa hasira, akaitandika juu ya meza, akatoa rula na kamba. Herufi zisizo na kitambi wala mkia, alidhani angezimaliza kuzipima kabla chai haijapoa. Alianza na O. Alipoizungushia kamba aligundua si duara. Juu ilikuwa imebanwa kidogo, kiasi cha unywele, na ubavuni wino ulikuwa mnene zaidi kuliko juu, lakini ukiangalia kwa macho unaona sawa kabisa. Akaja kwenye S, ambayo imempa taabu maisha yake yote, akakuta tumbo la chini ni kubwa kuliko la juu, kidogo tu, ili isionekane inaanguka. Abdulkarim ilimchukua miaka tisa kujua jambo hilo, na hakuwahi kumwambia mtu. Alirudia R mara nne. Chai ilipoa, Tausi akaiondoa.

Asubuhi alikwenda kwa Ciku.

"Hizi nani aliandika?"

"Sijui, mzee. Ziko tu. Kompyuta inanunuliwa zikiwa ndani."

"Haziko tu. Kuna mtu. Huyu mtu alikaa chini na S mpaka akaumwa mgongo." Akaweka karatasi mezani. "Na unaniambia ziko kwenye kila kompyuta?"

"Karibu zote duniani."

Abdulkarim akazikumbuka kompyuta zake kumi na moja, baiskeli, na jua la Ruiru saa saba mchana. "Alizipelekaje?" akauliza.

Ciku akafikiria namna ya kueleza makampuni na mikataba, akaona ni maneno mengi. "Alipita kabla hatujafika," akasema.

Iliuma, na Abdulkarim alisema kwamba imeuma. Kisha akaomba karatasi nyingine, kubwa zaidi, zenye herufi ndogo pia.

Malori yalimchukua siku sita, mara mbili ya muda aliokuwa akitumia kwa herufi zake mwenyewe, na hakuruhusu mtu amshikie kamba. Siku ya mwisho Ajwang, dereva wa lori la tatu, alisimama chini ya ngazi akiwa na ufunguo mkononi. Alikuwa ameliendesha lori hilo miaka mitano na jina la zamani, na alitazama lile jipya kwa muda mrefu.

"Fundi, hii imenyooka," akasema. "Lakini huu si mkono wako."

"Sio wangu," Abdulkarim akasema bila kugeuka. "Ni wa fundi mmoja aliyenitangulia." Akachovya brashi, kwa sababu S ya mwisho ilikuwa bado.